Hamu ya Mama Mdogo

Sumbawanga, 12 Mei 2024

Mama mdogo mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Huku kwetu mahindi yanavunwa na baridi ya asubuhi imeanza kung'ata. Mimi na Vedastus ni wazima. Anakusalimu sana mkwe wako huyu, anasema yale maharage uliyompa siku ya harusi ameyapanda nyuma ya nyumba ya shule, na walimu wenzangu sasa wanakuja kuomba mbegu. Nilimwambia asiwape wote, watu wa Kibosho hatugawi mbegu hovyo, akacheka.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu najua simu kwako imekuwa kelele tupu tangu masikio yalipoanza kuziba. Halafu jambo lenyewe sitaki ulisikie kwa kusomewa na mtu.

Mama mdogo, nina mimba. Usipige kigelegele kwanza, majirani watasikia. Daktari anasema ni Desemba, Mungu akipenda.

Sasa ombi langu. Nataka kuja kujifungulia nyumbani, kwako. Mama yake Vedastus alishafariki, na wifi yangu Agness ni mtu mwema kabisa, lakini uzazi anaoujua yeye ni uji wa ulezi asubuhi na uji wa ulezi jioni. Mimi nautaka mtori wako wa ndizi na nyama. Nakumbuka ulivyomlisha jirani yetu, mama yake Dominika, alipojifungua. Mlikuwa mmejifungia chumba cha nyuma, moto unawaka, harufu ya samli mpaka barabarani, na wewe kwenye kigoda mkila naye bakuli moja. Ulikuwa unaguna "mmh, mmh" kila kijiko, mpaka mzazi mwenyewe akapata hamu. Mimi na Dominika tulikuwa mlangoni tunagombania kulamba mwiko.

Mama angekuwepo ningemwomba yeye. Hayupo, na wewe ndiye uliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Likizo naianza katikati ya Novemba. Nikubalie, nianze kufunga mizigo moyoni.

Mwanao,
Gladness


Kibosho, 30 Juni 2024

Mwanangu Gladi,

Milele amina. Marahaba.

Nisamehe kwa kuchelewa. Masika ya mwaka huu yalitupiga, barabara ya kushuka mjini imechimbika hivi kwamba hata bodaboda wanashuka wakisukuma. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mwanangu Denis, kaka yako, bado yuko Arusha kwenye duka lake la dawa, anakuja kila mwezi kunitazama na kunisumbua. Kahawa imeshika vizuri, ila wachumaji ni wazee watupu, vijana wote wamekimbilia mjini.

Barua yako niliisomea mgombani. Nilipofika pale penye neno lenyewe nilikaa chini kwenye majani makavu, mtu mzima na kanga yangu safi, nikalia. Nilimwambia mama yako, maana kaburi lake liko pale pale: "Aikande, umesikia?" Nina furaha, mwanangu. Usidhani sina.

Kuhusu kuja kujifungulia huku, hebu tafakari vizuri. Safari ni ndefu kwa mtu mwenye tumbo. Huko mna hospitali ya mkoa, na madaktari wamekuzoea. Jikoni kwangu moshi umezidi. Agness unayemsema si mtu wa kudharau, uji wa ulezi unaongeza damu. Na mambo ya sasa si kama ya zamani, siku hizi wazazi wanakaa ndani wiki mbili tu, wanarudi kazini wakiwa wembamba na hakuna anayewacheka.

Kula, mwanangu. Kula maini, kula mchicha. Msalimie mkwe wangu.

Mama mdogo,
Mektrida


Sumbawanga, 14 Julai 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Nimesoma barua yako nikairudia. Moshi wa jikoni? Mama mdogo, mimi nimekulia ndani ya moshi huo. Na safari ndefu, mbona wewe mwenyewe ulisema siku ya harusi yangu kwamba mtoto wa kwanza hazaliwi mbali na kihamba, shamba la ukoo wake?

Niambie ukweli. Ni kwa sababu ya Vedastus? Najua wajomba walinung'unika kwamba nimeolewa mbali, na mtu ambaye hata pombe yetu ya mbege hajui inatengenezwa kwa kitu gani. Lakini wewe ulisimama ukanitetea. Kama umebadilika, niambie wewe, nisije nikaambiwa na watu.

Mtoto ameanza kucheza. Nilitaka ujue.

Gladness


Kibosho, 11 Agosti 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nyumbani ni kwema. Ndama tumempa jina Subira, maana mama yake alituchelewesha. Mzee Filemon wa bondeni amefariki, tumezika Alhamisi, watu wengi na mvua nyepesi.

Vedastus hana kosa lolote. Mwanamume anayejua kupalilia maharage ni mtu wa kwetu, awe ametoka Ufipa awe ametoka mwezini. Toa wazo hilo kichwani, linanikosea mimi kuliko linavyomkosea yeye.

Umenikumbusha chumba cha nyuma. Unajua wa kwanza niliyemlisha ndani yake alikuwa nani? Mama yako, alipokuzaa wewe. Mimi nilikuwa msichana bado, bibi yenu ndiye alikuwa mlishaji, akaugua ghafla, nikasukumwa mimi jikoni. Nilimenya ndizi za mshare mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Aikande alikuwa mkaidi, hataki kula, anasema tumbo limejaa. Bibi akaniita kitandani kwake akasema, "Usimsihi. Kaa naye, kula wewe kwanza, kula kwa raha. Mzazi hafuati maneno, anafuata mdomo wa mwenzake." Nikala. Nikala mpaka dada akaniambia, "Na mimi niachie!" Tulicheka mpaka wewe ukaamka. Siku zile, Gladi, nyumba ile ilikuwa na watu. Jioni huwezi kupita ukumbini bila kukanyaga mguu wa mtu.

Lakini kuhusu Desemba, bado nasema kaa huko. Yapo mambo ya mwili wangu ambayo hayaandikiki kwenye karatasi. Usiniulize.

Nimekutumia unga wa ndizi na samli kidogo kwa basi la Mbeya. Mwambie Vedastus aulizie stendi.

Mektrida


Sumbawanga, 1 Septemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Mzigo umefika, asante. Samli tumeila.

Nimeandika barua hii nikachana, nikaandika tena. Dominika alinipigia simu juzi. Hakutaka kusema, nilimlazimisha. Anasema umekonda. Anasema gauni lako la kitenge, lile la kijani, linakuning'inia kama limeanikwa. Anasema kwenye msiba wa mzee Filemon uliletewa sahani ukaisogeza kwa jirani. Wewe! Halafu anasema kila Jumapili baada ya misa ya pili unaonekana ukiingia kwenye grosari ya bia ya Sirili, unapitiliza chumba cha nyuma, unakaa kidogo, unatoka unajiangalia huku na huku.

Mama mdogo, ni pombe? Wewe mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya, uliyemwaga gongo ya mjomba mbele ya wageni? Kama ni upweke, kwa nini hukuniambia? Na kama siyo pombe, ni nini kinachokukondesha ambacho hakiandikiki kwenye karatasi? Mama naye alianza hivyo hivyo. Alianza kusogeza sahani, akasema hajambo, akasema tusimuulize. Sisi watoto tulikuja kuambiwa siku ya kumvalisha sanda. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nalala nikiwaza. Mtoto anacheza usiku kucha, nadhani na yeye anawaza. Nijibu, tafadhali, na usinieleze habari za ndama.

Gladness


Kibosho, 15 Septemba 2024

Gladness,

Ndama hajambo.

Haya, sasa kaa chini. Nimeisoma barua yako mbele ya Denis. Nilipofika kwa Sirili nilicheka mpaka nikashika mlango, halafu nikakasirika, halafu nikaona aibu, kwa mpangilio huo. Eti pombe! Dominika alikutajia pombe tu? Basi amekuhurumia. Wengine hapa wanasema mengine, maana mwanamke anayetoka chumba cha nyuma akirekebisha blauzi yake, watu watafikiri anatengeneza nini? Na Sirili mwenyewe hana jino hata moja la mbele, maskini, ameanza kuvaa shati la kupiga pasi tangu asikie uvumi.

Kwa Sirili kuna friji. Ndani ya friji hilo, nyuma ya soda, kuna boksi langu. Ndani ya boksi kuna sindano. Nikitoka misani naingia, najichoma tumboni, natoka. Basi. Ningeweza kuiweka zahanati, lakini zahanati ukikohoa saa mbili, saa tatu parokia nzima inakuombea. Nikajisemea, mahali ambapo hakuna atakayenitafuta mimi ni grosari. Kumbe nimejitangaza kwa kengele.

Nilianza Machi. Magoti yalikuwa yameniangusha, Gladi. Wewe ulipokuja mara ya mwisho nilijikaza. Kanisani nilikuwa nafika homilia ikiwa katikati, mfongo, ule mfereji wetu wa juu, sikuweza tena kuufikia, maji ya kumwagilia yanafunguliwa na jirani kwa huruma. Denis akanipeleka mjini kwa daktari mmoja mama, anaitwa Elifuraha. Akanipandisha kwenye mizani, akaandika. Akapima sukari, akaandika tena. Nikamwambia, "Daktari sema, nilishazaa mimi, naweza kuvumilia." Akasema magoti hayajazeeka, yamechoka kubeba, na sukari inapanda. Nikamjibu kwamba nimejinyima sana, kila Kwaresima napungua na kila Pasaka narudisha na nyongeza. Nilidhani atanicheka. Akasema si ulafi wala uvivu. Mwili ukishazoea uzito wake unaupigania, ukipungua kidogo unakuletea njaa ya kukutoa machozi mpaka urudi ulikotoka.

Ndipo akanieleza hiyo sindano ya mara moja kwa wiki. Nilifikiri inayeyusha mafuta. Hapana. Inaziba ile njaa. Inauambia ubongo umeshiba, na chakula kinakawia kutoka tumboni. Ukila kidogo unatosheka, na mwili unaanza kula akiba yake yenyewe. Unaanza na kipimo kidogo, unapandishwa polepole, na yeye anakufuatilia. Akanionya nisiache mayai, maharage na maziwa, na nitembee kila siku, maana ukipungua bila kula vya kujenga mwili unapoteza hadi nguvu za miguu. Na akasema wazi kwamba nikiacha, njaa inaweza kurudi na uzito nyuma yake. Si uchawi, ni dawa.

Na imefanya kazi. Nimepungua, magoti yananisikia, sukari imeshuka. Kwa hiyo siumwi ugonjwa wa mama yako. Nisikie vizuri hapo: siumwi ugonjwa wa Aikande. Nisamehe kwa kukufanya uufikirie.

Sasa kwa nini nilikukatalia. Barua yako ya Mei ilipofika, nilitaka kujijaribu. Nikanunua nyama ya mfupa, nikamenya mshare, nikawasha moto kama zamani. Samli ilipoanza kuchemka tumbo lilinigeuka, nikatoka mbio, nikatapika kwenye shina la mgomba. Mtori ule aliula mbwa. Nikakaa pale nikajiuliza, nitamlishaje mtoto wa Aikande wakati sufuria inanikimbiza? Mlishaji asiyekula! Utatazama mdomo wa nani? Nilijua ukija utaniona nikisogeza bakuli, na uchungu wa uzazi bado unao. Afadhali uniudhikie ukiwa mbali.

Kuna na lingine, hili sikumwambia hata daktari. Mama yako alipokufa, wewe ulipokwenda bweni, Denis alipokwenda Arusha, mimi niliendelea kupika sufuria ile ile. Mkono haukujua kupunguza. Nilikuwa napika ya watu wengi, najipakulia sahani ya kwangu, halafu naketi nakula na ya dada, na ya bibi, na yako. Nikila kiburu cha ndizi na maharage namsikia Aikande akilalamika chumvi. Nilinenepa kwa kuwakumbuka, Gladi. Sasa sindano imeondoa njaa ya tumbo, ila ile nyingine imebaki pale pale, haina hata chakula cha kujifichia. Jioni namaliza kula mapema, nakaa mezani, nawakosa ninyi wazi wazi. Hilo ndilo lilikuwa haliandikiki.

Umeniuliza, nimekujibu. Mwambie Dominika asikanushe lile la Sirili, mzee anafurahi.

Mama yako mdogo,
Mektrida


Sumbawanga, 6 Oktoba 2024

Mama mdogo wangu,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ya tatu ya kuomba radhi.

Nililia kwanza, kisha nikamsomea Vedastus pale pa friji la Sirili, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha nikalia tena pale pa mezani. Mimi nami nilikuwa bweni nikila ugali na maharage yenye wadudu, nafumba macho najiambia ni mtori. Tulikuwa tunakula pamoja bila kujuana, wewe huko na mimi huku.

Sasa nisikilize na mimi. Nani alisema ninahitaji mlishaji mwenye njaa? Njaa ninayo mimi, tele! Juzi nimekula embe na chumvi, nikafuatisha dagaa, Vedastus akatoka nje. Huna haja ya kuguna "mmh". Wewe kaa kwenye kigoda, nisimulie habari za mama. Nataka mtu wa kuniambia alikuwa akilalamikaje chumvi, mimi sauti yake nimeanza kuisahau. Nitakula mpaka uniombe niache.

Kuhusu samli, kama inakugeuza tumbo, Dominika apike, wewe uelekeze ukiwa uani. Na umwulize daktari.

Mwalimu mwenzangu mmoja ananunua mtandaoni vidonge vya kukata hamu ya kula, hajui hata vimetengenezwa na nini. Nikamwonyesha ulivyoandika kuhusu kupimwa na kufuatiliwa. Na mimi nikamtania Vedastus kwamba nikishajifungua nitakuja kuazima sindano yako.

Nikubalie, mama mdogo. Naomba kwa mara ya pili, na mara ya tatu sitaomba, nitakuja tu.

Gladness


Kibosho, 27 Oktoba 2024

Mwanangu Gladi,

Milele amina. Njoo.

Nimeandika neno hilo juu kabisa ili usiruke mistari kulitafuta. Njoo, na Vedastus aje Krismasi, nitamfundisha mbege mimi mwenyewe.

Kuhusu kuazima sindano, usithubutu hata kwa utani. Daktari Elifuraha nimemuuliza. Mjamzito haruhusiwi kabisa, na anayenyonyesha asiiguse bila daktari wake. Dawa ya mtu ni ya mtu, haiazimwi kama jembe. Na wewe unene wako wa Desemba ni haki yako, nani amekuambia uuondoe?

Nilimweleza na habari ya samli. Akacheka, akasema kichefuchefu huwa kikali kipimo kikipandishwa, kisha hupungua, na hakuna haraka, akaniacha kwenye kipimo kile kile. Jumatano nimepika tena. Harufu nimeivumilia. Nilikula mtori kiasi cha kikombe cha kahawa, nikashiba, nikakaa nikitazama moto, na sikusikia vibaya.

Jana nimepanda mpaka mfongoni kwa miguu yangu. Nilifungua maji mwenyewe. Jirani alisimama ananitazama kama ameona Lazaro. Nikakaa juu ya lile jiwe ambapo mimi na mama yako tulikuwa tunafua sare za shule, maji ni yale yale ya baridi ya kukata mifupa. Nimelia kidogo, lakini kwa raha.

Chumba cha nyuma nimekipiga chokaa. Mikungu mitatu ya mshare nimeifunga majani isikatwe na mtu. Dominika amekuja kusaidia, nimemtesa kidogo kwa ajili ya mdomo wake, kisha nimempa parachichi.

Tunakungoja.

Mama mdogo


Sumbawanga, 10 Novemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Naandika nimelala ubavu, usishangae mwandiko.

Sitakuja. Presha imepanda, miguu imevimba hata viatu vya Vedastus haviniingii. Daktari amesema nisisafiri hata mpaka Mbeya. Nipumzike hapa hapa, nipimwe kila baada ya siku chache, huenda mtoto akatolewa mapema. Mtoto mwenyewe bado anacheza, wanasema moyo wake uko sawa.

Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Vedastus ameifungua jana jioni, akarudisha nguo kabatini moja moja, nikageukia ukutani.

Ninaogopa. Agness anakuja kila siku, ananikanda miguu, Mungu ambariki. Lakini namtaka mama, na nina aibu kusema hivyo, mtu mzima kama mimi. Nakulaumu bure, Mungu anisamehe, kwamba ungesema ndiyo mwezi Mei ningekuwa nimeshakuja zamani. Halafu najikumbusha kwamba hata hivyo likizo ilikuwa haijaanza. Ni woga tu unaongea.

Waachie watoto ndizi zile. Niombee.

Gladi


Kibosho, 19 Novemba 2024

Mwanangu Gladi,

Salamu nitazitoa nikifika. Umesoma sawa: nikifika.

Barua yako nimeipata jana. Sikumaliza hata kuikunja, nikamwita Dominika tukaanza kuangusha mikungu. Denis akaja usiku akifoka, eti mama magoti, mama sukari, mama umri. Leo asubuhi nimemshika mkono mpaka stendi ya Moshi. Lilikuwepo basi limesimama mlango wazi. Nikapanda ngazi, nikashuka. Nikapanda tena, nikashuka tena. Abiria wakadhani nimechanganyikiwa. Mwaka jana ngazi hizo hizo nilipandishwa na makondakta wawili, mmoja anavuta mwingine anasukuma, na watu wanacheka, nikaapa sitasafiri tena mpaka nibebwe kwenye jeneza. Denis akaenda kukata tiketi.

Daktari Elifuraha ameniruhusu. Amesema nisimame nitembee kila basi linaposimama, ninywe maji, nisiruke chakula hata kama hamu haipo. Sindano nazibeba kwenye kikapu cha baridi alichonipa Denis. Nalala Mbeya kwa watu wa jumuiya, kesho yake nafika kwenu. Barua hii nimempa dereva wa leo, mimi napanda la keshokutwa. Mwambie Agness asikasirike, siji kumnyang'anya wifi. Yeye atapika uji, mimi nitapika mtori, wewe utakula vyote, tutakutazama.

Ulisema unamtaka mama na ukaona aibu. Aibu ya nini? Hata mimi namtaka. Bibi yenu alikufa akimtaka wake.

Sasa kuna jambo moja nilitaka kulinyamazia, lakini afadhali ulijue kabla sijaingia, presha yako isije ikapanda kwa sababu yangu. Wiki iliyopita nilikuwa nachana nywele mbele ya kioo cha ukumbini. Kioo hicho nilikuwa sikitazami siku hizi, napita tu. Nikaona shingo imetoka, mashavu yameingia ndani, taya limejichonga. Nikabaki na kitana mkononi. Nikasema kwa sauti, "Aikande!" Nilisahau, mwanangu. Kabla sijanenepa, padre mwenyewe alikuwa anatuchanganya kwenye komunyo. Miaka yote hii nilikuwa namtafuta kwenye sufuria, kumbe alikuwa chini ya uso wangu.

Kwa hiyo nikifungua mlango wa chumba chako usishtuke. Nitazame utakavyo, na ukitaka kuita mama, ita. Nitaitika.

Mektrida